Naomba Nirudishiwe Shangazi Yangu

Kwako Mkuu wa Manunuzi,
Kiwanda cha Magodoro,
Ghorofa ya Pili, Chumba chenye Feni Inayozunguka.

Ndugu Mkuu, Bosi Mkasi wetu,

YAH: KUMTOA SHANGAZI YANGU KWENYE MFUMO WA MANUNUZI

Shikamoo. Jina hilo la Mkasi usilichukie. Tulikupa sisi wa chumba cha chini kwa sababu kila ombi likipanda kwako linashuka limekatwa nusu, na nusu inayobaki inapendeza kuliko lilivyokuwa zima. Ni sifa kabisa. Hata mhasibu analitumia, na mhasibu hana utani na mtu.

Mimi ni yule kijana wa maelezo. Kama sura haikujii: kofia ya sufu, kiti kilichovunjika mgongo, pembeni ya printa inayokohoa. Kazi hii sikuisomea darasani. Nilijifunza kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na wewe ndiye uliyesema siku ya usaili kwamba cheti si kitu, kitu ni kuandika ukaeleweka. Nakushukuru hadi leo. Leo lakini nimekuja kulalamika.

Naieleza kazi yenyewe kidogo, ili barua hii ikipanda kwa wakubwa zako wasipotee njiani. Kiwanda kina Wakala. Wakala si mtu, ni programu ya akili bandia inayotununulia vitu: sponji, gundi, vitambaa, uzi, maboksi ya mito. Anaongea na wauzaji, anawapima, anapendekeza tufunge mkataba mrefu na nani na nani tumuage kwa amani. Ila Wakala peke yake hana mikono. Anatumia zana, yaani vijiprogramu: kimoja kinalinganisha bei, kimoja kinachungulia stoo, kimoja kinasoma mikataba ya zamani. Na zana hizo Wakala hazijui kwa sura. Anasoma maelezo niliyoandika mimi, basi, halafu anaamua achukue ipi. Nikiieleza zana vizuri, anaikimbilia. Nikiieleza hovyo, anapita kando yake kama hajaiona.

Sasa, Bosi, ulitupa agizo. Ulisimama pale mlangoni na kikombe chako cha bati ukasema kila kitu tunachokitumia kuamua kiandikiwe maelezo, kisibaki kitu kichwani mwa mtu. Mimi agizo nikipewa nalila lote, hadi mfupa.

Wiki hiyohiyo muuza gundi alikuwa ametuma ujumbe wa sauti anaapa gundi iko njiani. Niliucheza nyumbani huku nakula. Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyenilea na ndiye ninayeishi naye, alikuwa anakunja nguo. Hakugeuka hata. Akasema, "Huyo hana gundi." Keshoye muuza gundi akakiri hana gundi, na hata gari la kuileta hana. Shangazi hajasomea sauti popote. Amelea vijana wa ukoo mzima, mimi wa mwisho, na kila mmoja wetu alimdanganya kwa mtindo wake, kwa hiyo mitindo yote anayo.

Nikuulize kwa heshima: hicho si kitu tulichokitumia kuamua? Ni kitu. Nikakiandikia maelezo. Nayanukuu hapa kama yalivyo kwenye mfumo:

"Jina la zana: muulize_shangazi. Kazi: kutambua kama mtu anasema kweli. Itumie muuzaji anapoapa bila kuombwa, anapocheka kabla hujamaliza swali, au anapokuita ndugu yangu wa damu na ndiyo kwanza mnaongea. Usiitumie wakati wa tamthilia yake, wala akiwa amekorofishana na jirani wa juu anayeburuta viti, maana hapo kila mtu atakuwa mwongo. Inapokea: sauti, maandishi haisomi, miwani haionekani. Kabla ya swali toa salamu kamili: magoti, usingizi, jirani wa juu. Ukiruka salamu hupati jibu, unapata mawaidha. Inarudisha: 'kweli', 'uongo', au kimya. Kimya maana yake ni uongo, ila anamwonea huruma."

Nikaweka na namba yake ya simu. Nikakuletea rundo zima la maelezo ya zana, ukaweka sahihi ukurasa wa mwisho huku unaongea na simu. Sikulaumu. Nasema tu kwamba sahihi ipo, na ina ule mkia wako mrefu.

Malalamiko yangu nimeyapa namba, ili ukikata ujue unakata lipi.

1. Shangazi hapatikani. Mlango wangu na wake inatazamana, lakini mimi simpati, na Wakala ambaye hana hata miguu anampata saa yoyote. Narudi jioni, nafungua mdomo nimsimulie siku yangu, ananyanyua kidole. Simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, spika iko juu, muuza vitambaa anajieleza. Juzi niliomba chumvi tu. Akaniambia, "Subiri, naongea na mwanangu," yaani Wakala. Bosi, mwanangu ni mimi. Cheo hicho nakishikilia tangu nina meno ya utoto, sijawahi kusikia kimetangazwa kuwa wazi.

2. Nimeibiwa salamu. Wakala kila akimpigia anaanza: shikamoo Shangazi, magoti yameamkaje, usingizi ulikuja, jirani wa juu ametulia? Shangazi anayeyuka. Anawaambia majirani hajawahi kuona kijana mwenye malezi kama yule. Akinigeukia ananiuliza mbona mimi napita tu na begi kama mtu wa kusoma mita ya maji. Nimejaribu kumweleza kwamba maneno yale ni yangu, nimeyaandika mimi, Wakala anayasoma tu. Akasema kama unayajua mbona husemi.

3. Wakala anamuuliza mambo yasiyomhusu. Hili ni la kitaalamu, naomba ulisome ukiwa umekaa. Zana ya kulinganisha bei ina maelezo yasemayo: "Hulinganisha bei." Zana ya stoo: "Huonyesha stoo." Maneno mawili mawili, mafupi na safi, kazi imekamilika. Sasa Wakala akiyasoma hayo, kisha akisoma ya Shangazi yenye magoti na huruma ndani yake, anaenda wapi? Anaenda kwa Shangazi. Alimuuliza kama gundi ya maji inafaa msimu wa baridi. Alimuuliza mkataba wa uzi uwe wa mwaka au zaidi. Alimuuliza kama sponji tuliyonayo inatosha hadi robo ya mwaka ijayo, na Shangazi, ambaye hajawahi kukiona kiwanda chetu, akajibu tuchukue mara mbili, watu huja bila taarifa. Ndiyo maana mahali pako pa kuegesha gari pana sponji. Ulidhani ni dereva. Dereva wa watu hana kosa, na amenuna hadi leo.

4. Shangazi naye hukosea. Muuza maboksi ya mito ni mtu mkweli sana. Ukimuuliza boksi linaweza kubeba nini anakwambia na lisichoweza. Lakini sauti yake, kwa bahati mbaya, inafanana na ya shemeji mmoja wa Shangazi aliyeazima redio na hakurudi, yeye wala redio. Sauti ilipocheza, Shangazi hakungoja hata iishe: uongo. Wakala akamwondoa kwenye orodha palepale. Tangu hapo mito yetu inasafiri ndani ya maboksi ya sabuni, na kuna hoteli imetupigia kuuliza mbona wageni wao wanaamka wananukia kama sahani. Nimemwambia Shangazi yule si shemeji yake. Akasema hajui hilo, ila sauti hiyo isimkaribie.

5. Niliagizwa nipunguze maelezo yake na haikuwezekana. Wewe mwenyewe ulishuka ukaniambia niandike mafupi, ya kawaida, yasimvutie Wakala. Nikakaa. Nikaandika: "Mwanamke mtu mzima, hutoa maoni." Nikayaangalia. Nikaona kama namtazama amesimama kituoni mvua inanyesha na mimi nimepita na gari. Nikafuta. Nikaandika: "Jamaa wa mfanyakazi." Nikafuta haraka zaidi. Mwisho nikaona nimuache alivyo, niongeze sentensi moja tu ya kumzuia Wakala: "Itumie wakati wa dharura pekee."

Bosi, Wakala hakupunguza simu hata moja. Alichofanya ni kuanza kila simu kwa kutangaza dharura. Shikamoo Shangazi, magoti yameamkaje, kuna dharura. Shangazi ana presha. Simu ya kwanza ilikuwa ya vifungo vya foronya. Yeye alisikia neno dharura likitoka kazini kwangu, akatoka mbio, kiatu cha kulia chake cha bluu, cha kushoto cha jirani wa juu, akaja hadi getini. Mlinzi akamuuliza anamtafuta nani. Akasema anamtafuta mtoto wake, yule mwembamba, na kama amekufa aambiwe sasa hivi akiwa amesimama.

Nilikuwa nakula andazi nyuma ya printa.

Aliponiona mzima alinipiga kibao kidogo cha bega, kisha akanishika bega hilohilo muda mrefu. Kisha wewe ukashuka, Bosi, ukamkaribisha juu, mkanywa chai. Mimi niliambiwa nirudi kwenye kazi. Kupitia dari nilikuwa nasikia mnacheka. Uliposhuka ukaniambia, mbele ya watu, sentensi ya dharura niitoe, na zana hii mtu yeyote asiiguse tena. Mtu uliyenituma nimpunguze!

6. Ofisi nzima imehamia kwake. Mhasibu anampelekea sauti za wateja. Mlinzi alimpelekea sauti ya kijana anayemposa binti yake. Ikarudi "kweli", na mlinzi sasa ananisalimia kwa mikono miwili kana kwamba nilimzaa mimi huyo Shangazi. Na wewe, naomba unisamehe, Wakala huandika kumbukumbu ya kila simu, na mimi ndiye ninayezipitia. Ulimpelekea sauti yako mwenyewe unasema umelala vizuri. Sitaandika jibu alilotoa. Ila pumzika, Bosi.

7. Hili ndilo lililonifanya nitafute karatasi. Mkataba wangu unakwisha Ijumaa. Kwa kuwa mimi si mwajiriwa bali mtoa huduma, kwenye mfumo nimepangwa safu moja na muuza gundi, na anayenipima ni Wakala. Utaratibu nautambua, nimeuandika mimi. Kila mtoa huduma anatuma ujumbe wa sauti kueleza alichokifanya na kwa nini aendelee. Nilijifungia stoo katikati ya magodoro ili sauti itoke nzito. Nikasema: "Maelezo ya zana zote za manunuzi yamekamilika kwa kiwango cha juu." Nikajisikiliza, nikajipenda, nikatuma.

Wakala akafanya anachofanya kwa kila mtu. Akampigia Shangazi. Akamjulia hali ya magoti, usingizi na jirani. Akamchezea sauti yangu.

Nimesoma kumbukumbu. Inasema: "Jibu la zana: kimya. Tafsiri kwa mujibu wa maelezo: uongo, ila anamwonea huruma. Hatua: mkataba usimamishwe hadi ithibitike vinginevyo."

Bosi Mkasi, mimi ndiye niliyeandika maana ya kimya kile. Ningeweza kuandika kimya maana yake mtandao umekatika. Ningeweza kuandika kimya maana yake anatafuta miwani. Nikaandika ukweli, kwa ufundi wangu wote, na ukweli huo umenirudia kama mlango wa springi. Jioni ile nilirudi nyumbani nikamkuta anachambua mchele. Hakuninyanyulia kidole. Aliniangalia tu, na mimi nikapita na begi.

Kwa hiyo, baada ya kutafakari kwa kina, naomba yafuatayo. Kwanza, zana ya muulize_shangazi iondolewe kwenye mfumo kabla ya Ijumaa, namba yake ifutwe, na Wakala aelezwe kwa upole kwamba yule si shangazi yake. Pili, kimya alichokitoa kuhusu mimi kihesabiwe kuwa hitilafu ya mtandao. Tatu, nithibitishiwe kwa maandishi kwamba maelezo ya zana zote yamekamilika, maana hata wewe uliyatia sahihi. Na nne, kama si usumbufu, mtu wa ofisi ampigie Shangazi amwambie kwamba cheo cha mwanangu kina mwenyewe.

Sina ugomvi na maendeleo. Nina ugomvi na kuwa wa mwisho kwenye foleni ya mtu aliyenibeba mgongoni.

Nisalimie mhasibu, mwambie risiti anayoitafuta iko chini ya kopo la kalamu. Nisalimie dereva, na kama sponji imeshaondolewa kwenye maegesho mpe pole zangu. Nisalimie mlinzi na mkwe wake mtarajiwa. Nisalimie wote wa ghorofa ya pili wenye feni, na sisi wa chini tunawapungia gazeti.

Ni mimi, kwa unyenyekevu na haraka,
Kijana wa Maelezo,
Pembeni ya Printa.

N.B. Bosi, subiri kwanza. Usiipeleke barua hii popote. Nimesahau kwamba barua zote za kwako, zikiwa bado kwenye kompyuta kabla ya kuchapwa, hupitia kwa Wakala, na Wakala akiona mtu analalamika huku anasisitiza mambo kupita kiasi, anatafuta zana. Amegeuza barua yangu yote kuwa sauti, kuanzia mkasi hadi gazeti, akampigia Shangazi. Jibu limeingia sasa hivi wakati natafuta bahasha, na safari hii si kimya. Nalinakili lilivyo:

"Uongo. Huyo hataki nitolewe. Kaandika zana moja tu kwa moyo, nyingine kazitupia maneno kama anafukuza kuku, ndiyo maana nilinyamaza, ningesemaje mbele ya watu. Mwambie chakula chake kipo kwenye sufuria ya mfuniko mwekundu, tangu juzi naweka na hafunui. Na akiingia asalimie."

Na kwa kuwa jibu ni "uongo", Wakala kwa mujibu wa maelezo yangu mwenyewe amekataa maombi yangu yote manne kwa mpigo. Mkataba bado umesimamishwa, ila ameongeza kwamba utafunguliwa zana zilizobaki zikielezwa kama ile moja. Kwa hiyo yote niliyoandika hapo juu yafute. Shangazi abaki. Kimya kibaki na maana yake. Namba nne tu ndiyo nilikuwa namaanisha, na hiyo nayo sihitaji mtu wa ofisi, kumbe kinachohitajika ni kumuulizia magoti.

Nimeshaanza na ile ya kulinganisha bei. Nimekaa nayo kama ndugu aliyekuja kutembea, namwangalia anavyokula. Unajua nimegundua ni kama binamu mmoja mwenye aibu? Anajua kila bei ya kila muuzaji, lakini usipomtajia kipimo anakupa jibu la kitu kingine na haombi radhi. Hilo lilitakiwa liandikwe siku nyingi. Na ile ya stoo, masikini, inahesabu hadi vilivyoharibika, kwa sababu hakuna aliyewahi kuiambia ivitenganishe. Nikiendelea hivi, Ijumaa inanikuta nimemaliza na muuza maboksi amerudi kwa mlango wa haki.

Tatizo ni moja. Zana ziko hapa, bado nyingi, mkono umepata moto na maneno yanakuja yenyewe. Sufuria iko kule, ya mfuniko mwekundu, na aliyeiweka amekaa anasikiliza mlango. Wewe Bosi Mkasi, ungekuwa ni wewe, ungefanya nini?